Namba za Jikoni

Januari, Šibenik. Upepo wa bura umefunga bandari,
bahari imekuwa ya kutazama tu, kupitia kioo.
Kwa hiyo mume wangu anazamia sakafuni,
chali, kati ya jiko na kabati la vyombo,
mto chini ya magoti, mkanda wa presha mkononi
umemkaba kama nyoka aliyeshiba.

Mimi ndiye mshika saa.
Miaka thelathini na mmoja nilipiga mihuri posta;
najua kuhesabu bila kuonyesha uso.

Anavuta pumzi ya mwisho. Inaingia tumboni kwanza,
kisha mbavuni, kisha juu hadi kooni,
kama mtu anayejaza gunia na kulishindilia kwa goti.
Halafu kimya. Jokofu linanguruma peke yake.

Dakika ya kwanza ni ya uongo, husema Frane.
Moyo unapunguza mwendo, sitini, hamsini na mbili,
mashine inaandika mia na thelathini na nane.
Dakika ya pili damu inaanza kuhama:
inaaga vidole, inaaga nyayo,
inafunga duka moja moja vichochoroni mwa mwili
na kurudi kati kuulinda moyo na ubongo.
Njia zimebanwa, wasafiri ni wale wale.
Wanasukumana.
Mia na sitini na mbili.
Dakika ya tatu kiwambo kinagutuka,
tumbo linaruka, linatulia, linaruka,
kama mtoto anayegonga mlango akijua mpo ndani.
Mia na tisini.

Daktari Lovorka alimwandikia vidonge, kimoja kila asubuhi,
akamwambia aache kubana pumzi mpaka presha itulie.
Frane akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia padri.
Jumanne, nikifua, nikavikuta mfukoni mwa koti,
tisa, vimelainika, vimegandana na tiketi ya bwawa.
Sikufoka. Nikaviweka mezani kando ya chumvi.
"Vinaniibia," akasema.
"Nikimeza, naibuka juu nikiona nyota mchana."
"Na usipomeza?"
Akaitazama chumvi.

Watu huogopa presha ya kupanda.
Yeye anaogopa ya kushuka, na ana sababu.
Agosti moja, upande wa nje wa Krapanj,
ambako baba yao aliishi kwa kuvuna sifongo,
mdogo wake Roko aliibuka akitabasamu,
akavuta hewa, akanyoosha kidole gumba,
na hapo hapo, juani, kichwa nje ya maji,
macho yakamtoka mtu.
Presha ilikuwa imeporomoka kwenye pumzi ile ile ya kuokoka.
Frane alimshika kidevu, akampulizia shavuni,
akaita jina, Roko, Roko, bwana we,
mpaka mwenye macho akarudi.
Leo Roko anauza rangi za nyumba kule Zadar.
Hazami hata kwenye beseni.

Jana usiku Frane alimeza kidonge mbele yangu,
akafungua kinywa, akainua ulimi, nikague.
Kisha, kwa mzaha, mkanda akaufunga mkononi mwangu.
"Leo mashine ikusome wewe. Mimi nalala tu."
Akavuta hewa. Nikabonyeza saa.

Sijui niliacha kupumua wakati gani.
Labda tumbo lilipoanza kuruka,
labda kabla, alipofumba macho
na uso wake ukawa wa kijana nisiyemjua.
Mkanda ukaniminya, ukafikiri, ukalegea.
Mia na themanini na moja.

Nikaifuta namba kabla hajafumbua macho.
Akapumua, mara mbili, mara tatu, kama alivyofundishwa,
midomo ya rangi ya zabibu ikarudi kuwa midomo.
"Ngapi?"
"Dakika tatu na sekunde kumi."
"Na wewe?"
"Mia na ishirini," nikasema, uso wa posta.

Alhamisi nina miadi kwa Lovorka.
Nimemwambia Frane nakwenda kununua uzi.